Bei Anazijua

Belo likipasuliwa Mchikichini, saa kumi na moja alfajiri,
Kibwana hakuwa anaangalia. Alizamisha mkono
kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya pipa la maji,
akaibuka na shati moja katika mia:
"Hili buku kumi na mbili."
Na kweli, lilikwenda kwa buku kumi na mbili.
Wenzake wangali wanapekua kola, wanasoma lebo,
yeye keshatundika, keshakunywa chai.
Umejuaje? nilimuuliza, mimi mkewe.
Akagusa katikati ya nyusi. "Panawasha kidogo hapa."

Nilidhani utani.

Kisha pikipiki, mataa ya Veta, mvua za vuli,
helmeti ikining'inia kwenye usukani badala ya kichwani.
Siku kumi na tisa Muhimbili. Akaamka.
Majina ya watoto anayo. Saba mara nane anaijua.
Deni la Mpemba wa vitasa analikumbuka hadi mia mbili ya mwisho.
Nikashukuru: nimerudishiwa mzima.

Asubuhi ya kwanza, Keko, nikamtandikia mashati mawili kitandani,
nikaenda bombani. Ndoo ya kwanza. Ndoo ya pili.
Nikamkuta kifua wazi.
"La bluu elfu nane. La mistari elfu nane na mia tano."
Basi vaa.
"Lipi?"
Adhuhuri ikaadhiniwa hajavaa.

Daktari Nyamoga alikuwa na ubongo wa plastiki, wa kufunguka.
"Huku mbele, juu ya matundu ya macho,"
akaweka kidole palepale penye muwasho,
"pana duka la kubadilisha fedha.
Njaa inakuja na noti zake, usingizi na zake,
sifa za jirani, kivuli, harufu ya vitumbua,
kila kimoja na nchi yake.
Hapa vinageuzwa sarafu ya aina moja,
na mkono unafuata penye sarafu nyingi."
Kwa hiyo duka la mume wangu limefungwa?
"Ubao wa bei upo. Asiyekuwepo ni mwenye kubadilisha."

Wakamchezesha karata, mafungu mawili.
Jekundu linatoa elfu haraka haraka, halafu linanyakua elfu tatu.
Jeusi linatoa kidogo, halinyakui.
Mimi pembeni na kikapu changu, sijaelewa lolote bado,
viganja vilishaanza jasho kila likiguswa jekundu.
Vya Kibwana vikavu.
"Hili linaniibia," alisema mwenyewe,
kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti la juzi,
na mkono ukaenda palepale.

Chapati nazo hivyo hivyo. Tumbo limejaa, analisema,
ila habari haifiki sokoni:
ya sita bado ina bei ya ile ya kwanza.

Sasa nachagua mimi. Shati lake. Upande wa kulala. Chumvi au bila chumvi.
Jioni nimechoka kwa kutaka kwa niaba ya watu wawili.
Juzi muuza ndizi aliniuliza, dada, mbivu au mbichi?
Nikasimama. Nikasimama sana.

Jumamosi, ndani ya belo la watoto, kikatoka kisweta cha njano
kimepungua kifungo.
Mama mmoja wa Buguruni akasema buku tatu.
Kibwana akakifumbata. "Siuzi."
Tano.
"Siuzi."
Saba! Kwa kitu cha buku mbili, tena kwa kubembeleza!

Nikamtazama katikati ya nyusi.
Sikuona kitu, pangeonekana nini?
Labda kuna aliyerudi dukani, amewasha taa.
Labda ni mkono tu umekwama.
Mama akaondoka akisonya, nami sikumnyang'anya.
Nikafungua daftari, nikaandika:
kisweta, njano, kimoja.
Kwenye safu ya bei nikaacha wazi.